Uyoga Anaoula Kobe

Mvua ya kwanza ya mwaka huu imenikuta barazani kwangu Mkomaindo, hapa Masasi, nimevaa kandambili. Miaka yote niliyofanya kazi ya misitu, mvua hiyo ilikuwa inanikuta ndani ya mabuti ya mpira, na koti linalovuja begani, na nyundo ya kugongea mhuri kwenye magogo ikinigonga paja kila hatua. Safari hii nilikuwa na kikombe cha chai. Harufu ya udongo ilipopanda nikajikuta nimesimama. Binti yangu Zuhura akaniuliza, "Unakwenda wapi, mama?" Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa tena, chai ikapoa.

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkaniomba niwaambie vijana maneno mawili matatu. Nilisimama, nikalia, mkapiga makofi mkidhani hotuba imekwisha. Basi hotuba yenyewe ndiyo hii. Ya vyeo na mishahara mtayakuta kwenye mafaili, tena yaliyoandikwa vizuri kuliko nitakavyoandika mimi. Mimi nataka kuwasimulia habari za mtu aliyenifundisha kazi, na habari za uyoga, kwa sababu mvua zimeanza na ninajua simu zitakazopigwa ofisini kwenu wiki hizi.

Nilipangiwa Newala katika miezi ya baridi. Mimi ni mtoto wa Masasi, nimezoea joto la huku chini na mawe yetu makubwa yanayotunza jua mpaka jioni. Nilipofika juu nikakuta ukungu umelala mpaka kwenye milango ya maduka, na watu wazima wamevaa masweta kama wanakwenda safari ya mbali. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye kisigino, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa na serikali na nilitaka ionekane.

Mkuu wangu alinituma nyuma ya ofisi nikamtafute askari wa wanyamapori. Nikamkuta amekalia dumu, anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye bibi miti mpya?"

"Ndiyo mimi."

Akaniangalia miguuni kwa muda, hakuniangalia usoni. "Viatu hivyo vitakuua kabla ya tembo. Una vingine?"

Sikuwa navyo. Akamaliza pancha yake, akapanda baiskeli, akaondoka. Nilidhani amenidharau. Baada ya saa nzima akarudi na mabuti ya mpira ya mke wake yamefungwa kwa kamba nyuma ya kiti. "Mama Anjela amesema utayarudisha ukinunua yako." Nilikaa nayo msimu mzima, na Mama Anjela akaenda shamba na kandambili.

Huyo ndiye alikuwa Baba Anjela, Mmakonde wa Chilangala, Mkristo, mfupi, mwenye maneno machache na subira ya kupita kiasi. Mti alikuwa anauita "nti", na mnyama "nnyama", na hakuwahi kujirekebisha hata mbele ya wakubwa. Kazi yake ilikuwa wanyama wanaoingia mashambani. Yangu ilikuwa miti inayotoka msituni bila ruhusa. Gari lilikuwa moja na mara nyingi lilikuwa juu ya mawe, kwa hiyo tulitembea pamoja, leo kwa kesi yake, kesho kwa yangu. Mwaka mmoja baadaye nilipojifungua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kuniita Bibi Miti na kuniita Mama Zuhura.

Alinifundisha kusoma kinyesi. Mnacheka, lakini hakuna chombo kilichonisaidia kama kile kijiti chake cha mpingo alichopasulia mavi ya wanyama. Mkulima wa mihogo akija analia kwamba nguruwe pori wamemmaliza, Baba Anjela alikuwa anachuchumaa shambani, anapasua, ananusa, ananionyesha. "Nguruwe hajala nhogo hapa. Amekula mizizi na uyoga. Nhogo wa huyu bwana umeng'olewa na mwenye mikono." Kisha ananyamaza, maana jirani amesimama pale pale na jembe begani.

Kwa njia hiyo ndipo nilipojua kwamba msitu mzima unakula uyoga. Nilikuwa nikidhani ni mboga yetu sisi. Kumbe paa anaula, nguruwe anaufukua, nyani anauchuma kwa vidole viwili kama mwanamke sokoni, kindi anakimbia nao mdomoni. Na kobe! Kobe ukimkuta siku ya tatu baada ya mvua kubwa, mdomo wake wote ni mweupe kama mtoto aliyeiba unga. Baba Anjela alikuwa anawapenda kobe kuliko wanyama wote. Angeweza kusimamisha doria, mimi nimelowa, mbu wananila, kwa sababu tu kobe anakula.

"Angalia," aliniambia mara moja, "anakula ule nkubwa mweupe wa chini ya miyombo. Ule wanaouogopa akina mama."

"Una sumu huo?"

"Wanasema. Lakini nnyama hajiui, Mama Zuhura. Nnyama anajua."

Sikubishana naye. Mimi mama yangu alinifundisha uyoga mmoja tu, ule wa kwenye kichuguu wenye mzizi mrefu unaozama ndani kwa mchwa, na mwingine wote aliuita kwa jina moja: "si wetu." Nilikua nikimwona mwoga. Wenzake walikuwa wanajua aina nyingi, ule mdogo wa manjano wenye harufu ya tunda, na ule mwekundu juu ambao Wamakua wanaupika na karanga. Yeye alikufa na uyoga wake mmoja, lakini alikufa mzee sana.

Msimu wa uyoga ofisi yetu ilikuwa inapata wageni wa ajabu. Alikuja bwana mmoja na bakuli la uyoga uliopikwa, akasema ameujaribu kwa shilingi, shilingi haikuwa nyeusi, je aule? Mwingine alikuwa amempa mbwa wake kwanza. Mbwa alikataa, na mwenyewe akaona huo ni ushahidi mkubwa, akaumwaga wote. Baba Anjela alimuuliza mbwa amekula nini mchana. Kumbe alikuwa amekula kichwa cha mbuzi cha watu. Alikuwa ameshiba.

Tulicheka sana kwa kesi ya mbwa yule. Tulikuwa tunacheka bado mwaka alipoolewa Anjela.

Anjela alikuwa mtoto wake wa kwanza na binti pekee, akifuatwa na wavulana watatu. Aliolewa na kijana mmoja mkulima, Damasi, huko Chiungutwa. Kwa watu wa juu, Chiungutwa ni bondeni, ni joto, ni mbali. Mama Anjela alilia kama vile binti anavushwa Ruvuma. Lakini kwetu sisi wawili ilikuwa nafuu, kwa sababu doria zetu za chini sasa zilikuwa na mahali pa kupumzika. Tulikuwa tukifika na vumbi letu, na Anjela anatoka na ndoo nzima, anatumwagia maji mikononi bila kupima, anacheka.

"Baba, hamia huku. Huku mtu anaoga mara mbili."

Mtu aliyekulia Chilangala, akiamka na dumu kichwani kushuka mteremko kutafuta maji, hachoki kuyachezea akiyapata. Baba yake alikuwa anamtazama anavyomwaga na mimi naona anaumia na kufurahi kwa pamoja.

Walipata mtoto wa kike, wakamwita Fidea. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea kwa kushika ukuta mwaka ule ninaotaka kuwasimulia.

Mwaka ule korosho zilikuwa zimekwisha, mahindi mapya bado, na mvua zilianza kwa nguvu. Ni wakati ambao kila mtu anaingia msituni kutafuta mboga. Asubuhi moja tulikuwa ofisini Newala, simu ya Baba Anjela ikalia. Ilikuwa Damasi. Nilimwona mwenzangu anasikiliza, anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Tunakuja." Akaweka simu mfukoni, akakosa mfuko, ikaanguka, mimi nikaiokota.

"Anjela anatapika tangu alfajiri. Wamekula uyoga jana mchana."

Tulishuka na pikipiki ya ofisi, yeye anaendesha, mimi nyuma, tope linaturukia mpaka kwenye meno. Tukamkuta zahanati amelazwa, dripu mkononi, midomo imekauka. Damasi alikuwa amekaa chini, naye ametapika lakini anajiweza. Jana yake alirudi kutoka shamba akakuta sufuria karibu tupu, akala mabaki tu. Mtoto alikuwa hajala. Alikuwa bado wa uji na maziwa ya mama.

Muuguzi alikuwa mama mmoja mtulivu, Mama Rehema. Neno lake la kwanza kwetu lilikuwa, "Nani ataniletea ule uyoga, au hata maganda yake?" Nikaenda mimi. Nyuma ya jiko nikakuta vipande vilivyotupwa, vya chini ya shina, vile ambavyo mpishi hukata kwa sababu vina udongo. Nikakiokota kimoja nikakifuta. Chini kabisa kilikuwa na kifuko cheupe, kimechanika kama ganda la yai ambalo kifaranga ametoka. Ukikata uyoga juu juu kwa kisu, hicho kinabaki ardhini na hukioni kamwe. Huu ulikuwa umeng'olewa, kikaonekana, kikakatwa kikatupwa. Mweupe wa chini ya miyombo.

Niliporudi, Baba Anjela alikuwa ameshika mguu wa binti yake juu ya shuka. Nikampa Mama Rehema vipande, naye Baba Anjela akaviona.

Anjela akafumbua macho. "Baba, si ulisema kobe anaula?"

"Nilisema, mwanangu."

Nadhani aliuona uso wa baba yake, kwa sababu alisema, "Basi si huo. Labda ni maharage. Yalikuwa ya zamani."

Nimesikia mengi kazini, nimetukanwa na wapasua mbao, nimeliliwa na wenye magunia ya mkaa. Sijasikia neno lililonikaa kama lile la maharage.

Kesho yake Anjela alikuwa mzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo tulivyomwona. Kutapika kumekwisha, tumbo limetulia, amekunywa uji kikombe kizima na kuomba kingine. Amekaa kitandani anasukwa nywele na wifi yake. Mama Rehema alikuwa ameshapiga simu apelekwe hospitali kubwa, gari lilikuwa linakuja.

"Ya nini tena?" Anjela akasema. "Nimepona. Mtoto ananililia kule, maziwa yananiuma."

Mama Rehema akamgeukia baba. "Baba Anjela, nisaidie. Kuna uyoga unaokupa siku moja ya kupumzika. Sumu yake haiishi tumboni, inakwenda kwenye ini kufanya kazi kimya kimya. Leo anacheka, sikatai. Mimi naomba acheke akiwa hospitali."

Baba Anjela alikuwa hajalala. Alikuwa amemwona mtoto wake anakunywa uji. Nani kati yenu ana watoto? Basi mnajua. "Mama, tunakushukuru sana," alisema. "Lakini mwenyewe unamwona. Mwache akamnyonyeshe mtoto. Akilegea tutamleta."

"Akilegea tutakuwa tumechelewa."

"Tutamleta," alirudia, kwa upole, huku tayari anatafuta kandambili za binti yake chini ya kitanda.

Anjela akaondoka amepanda bodaboda, ametupungia mkono. Mama Rehema alisimama mlangoni mpaka wakapotea. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Hilo ndilo linalonichosha kila nikilifikiria: kila mtu alikuwa anapenda, na kila mtu alikuwa na sababu.

Siku iliyofuata macho yake yalikuwa ya manjano. Alikuwa anamwita Damasi kwa jina la mdogo wake. Gari lilimchukua, madaktari wakafanya yote waliyoweza, na Damasi na mama yake Anjela wakapokezana pembeni ya kitanda. Alifariki Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Tulimzika Chilangala, baada ya wazee wa pande mbili kukubaliana. Matanga yalipokwisha, mjomba mmoja wa familia alisimama akasema kwa nia njema kabisa kwamba kuanzia leo tumwite ndugu yetu Baba Damiani, kwa jina la mwanawe anayemfuata Anjela, ili kila anayemsalimu asimtoneshe kidonda. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka, akainuka.

"Naombeni mniache na jina langu," alisema. "Mkilitoa hilo nitabaki na nini cha kwake?"

Akarudi kazini. Hatukuzungumza habari ile. Tulipima magogo, tulifukuza nyani, tulikula mihogo ya kuchoma. Nilikuwa napanga njia zetu tusipite Chiungutwa, naye alikuwa anajua ninavyopanga, anazifuata.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza, tulikuwa kwenye msitu wa miyombo upande wa bonde. Yeye alikuwa mbele. Akasimama ghafla, nikadhani nyoka. Alikuwa kobe, mkubwa, amenyoosha shingo, anakula uyoga mweupe chini ya mti. Vipande vinamwanguka mdomoni. Nilimtazama mwenzangu mkono wa panga. Nilidhani atampasua yule mnyama, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumwacha afanye hivyo.

Alichuchumaa. Akaweka panga chini. Akamwangalia kobe mpaka akamaliza, mpaka akafuta mdomo kwenye majani na kujivuta kwenda zake. Ilichukua muda mrefu. Mvua ilianza tena na hakuna aliyevaa koti.

"Hana kosa," alisema hatimaye. "Anakula chakula chake. Nilikosea mimi kudhani tumbo lake ni letu."

"Hukumwambia ale, Baba Anjela."

"Nilimwambia kobe anaula. Kwa ntoto, neno la baba linatosha hapo." Akainuka, magoti yakalia. "Twende kijiji gani leo?"

Nikamtajia.

"Wana nkutano?"

"Wa wakulima, wa korosho. Jioni."

"Nitaomba dakika chache."

Ndivyo alivyoanza. Hakuna aliyemtuma, haikuwa kazi yake wala yangu. Lakini tangu siku ile, palipokuwa na watu wamekusanyika kabla ya mvua, kwenye mnada wa korosho, nje ya kanisa, nje ya msikiti baada ya Ijumaa, kwenye foleni ya maji, aliomba dakika chache. Alikuwa hajui kuhutubia. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Mimi naitwa Baba Anjela. Anjela amekufa kwa uyoga nilionsifia mimi." Hapo hata watoto walikuwa wananyamaza.

Kisha aliwaambia mambo ambayo tulikuwa tumejifunza kwa Mama Rehema na kwa akina mama wachumaji, na ambayo nawaachia ninyi kama alivyoyasema. Kwamba paa, nguruwe, kobe, hata funza na konokono wanakula uyoga unaomuua mtu, na wanakwenda zao wazima. Kwamba shilingi, kitunguu, chumvi na limau havijui lolote. Kwamba kuchemsha hakuondoi sumu ya ule mbaya, hata uchemshe na kumwaga maji. Kwamba ukiung'oa, ung'oe wote na shina, na ukikuta kifuko chini, uache, hata kama babu yako alikula unaofanana nao. Kwamba aliyehamia kwa watu asichume alichokizoea kwao, kwa sababu udongo mwingine unaotesha pacha wake. Na kwamba mgonjwa wa uyoga akipata nafuu, hiyo ndiyo saa ya kumkimbiza.

Watu walibisha. Kwa mambo ya mboga, Wamakonde na Wayao na Wamakua wote ni mawakili. Bibi mmoja pale Chiungutwa kwenyewe, mchumaji wa siku nyingi, alimwambia, "Baba Anjela, sisi tunakula uyoga tangu tumezaliwa. Unataka tuache?"

"Hapana, bibi. Wewe endelea. Nataka hawa mabinti waje na wewe, wasije na kobe."

Bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia. Msimu ule ule tuliwaona mabinti wanaingia msituni nyuma yake na vikapu, wanapiga kelele, na bibi anawapokonya vile asivyovijua na kuvikanyaga. Ikiwa kuna tembo wamevuka kutoka upande wa Ruvuma, sisi wawili tulikuwa tunawasindikiza, Baba Anjela mbele na bunduki ambayo nusu ya umri wake ilikuwa inakataa kulia. Zile asubuhi ndizo ninazoziota. Ukungu uko kwenye majani, wanawake wanaitana kwa Kimakua na Kiyao, mtu amepata kichuguu kimechanua chote kimekuwa cheupe, wote wanakimbilia, na yeye amesimama pembeni ameegemea mti, anahesabu vichwa asipoteze hata mmoja.

Alistaafu kabla yangu. Mwanzoni alikuwa ananipigia kila mvua kubwa ikinyesha. "Kumeota?" anauliza, bila salamu. Namwambia kumeota wapi, nani amechuma, nani ameumwa. Kulikuwa na miaka ambayo nilimwambia, "Hakuna aliyeumwa," na upande wa pili nasikia kuku wa Chilangala wanalia, kisha anasema, "Haya, mama, nashukuru," anakata. Msitu wenyewe ulikuwa unapungua. Miyombo ilifyekwa kwa ufuta na mkaa, na miyombo ikiondoka uyoga wake nao unaondoka, unaishi kwenye mizizi yao. Sehemu ambazo tulikuwa tukisindikiza akina mama sasa unaona mpaka upande wa pili. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, kitandani kwake, na mimi nilikuwepo. Mwisho wake hakuzungumzia kazi hata kidogo. Alizungumzia maji, yale aliyokuwa akitumwagia Anjela.

Sasa niwaambie jambo la mwezi huu, kisha niwaache.

Wiki moja baada ya ile mvua iliyonikuta na chai, mlango uligongwa. Msichana mrefu, ana mkoba wa cherehani begani. "Shikamoo, Mama Zuhura." Ilibidi nimwangalie mara mbili. Alikuwa Fidea. Amejifunza ushonaji, amepanga chumba hapa hapa Masasi, na babu yake alikuwa amemwambia siku akifika mjini asikose kunisalimu.

Tulikaa. Tukaongea ya baba yake, Damasi, aliyeoa tena na anaendelea vizuri, na ya wajomba zake. Kisha akaangalia chini.

"Mimi sijawahi kula uyoga," alisema. "Nyumbani kwa bibi ulikuwa haupiti mlangoni. Lakini nimepita sokoni asubuhi nimeuona. Nimesimama pale kama mjinga. Mama, wewe unaula?"

"Naula."

"Huogopi?"

"Naogopa. Naula mmoja, alionifundisha mama yangu."

"Nataka kuujua."

Tukaenda pamoja. Mama anayeuza namfahamu tangu yuko kwenye kundi la yule bibi wa Chiungutwa. Uyoga wa kichuguu, mkubwa, umelazwa kwenye beseni na mizizi yake mirefu, haujakatwa, kama tulivyowaomba miaka ile. Nilimwonyesha Fidea mzizi, unavyochongoka, unavyokuwa na rangi ya udongo wa mchwa. Nikampa aushike. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga.

Nyumbani nilitwanga karanga, nikaupika taratibu, na ugali wa muhogo. Nikapakua. Nikala mimi kwanza, matonge mawili, mbele ya macho yake, nikangoja. Zuhura naye akala. Fidea akachovya kidogo kabisa, akafumba macho. Akatafuna. Akachovya tena.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema.

"Ndivyo ulivyo."

"Na mama alikuwa anaupenda?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mama yake alikuwa halali kama sufuria haijarambwa, na kwamba tulipofika kwao na vumbi letu, kama kuna uyoga huo, alitupakulia sisi kwanza na kubaki na mwiko, akiulamba kwa aibu nyuma ya mlango, akidhani hatumwoni. Fidea alicheka, machozi yanashuka, mkono bado uko kwenye sahani. Alikula mpaka akamaliza.

Alipoondoka jioni, mvua ilikuwa inanyesha tena. Nilichukua simu. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina la Baba Anjela, nimeshaanza kumpangia maneno: kwamba kumeota, kwamba hakuna aliyeumwa, kwamba mtoto amekula na kushiba. Jina bado limo mle, sijalifuta. Nilikaa nalo mkononi mpaka taa ya simu ikazima yenyewe.